Mwaka Tuliowahukumu Makabaila

Tulimzika Shangazi Mwanaidi juma lililopita, na tangu hapo nina hasira. Huzuni pia ninayo, lakini huzuni imepata mahali pake pa kukaa na hainisumbui sana; hasira ndiyo inayonifuata mpaka jikoni. Ilianzia kwenye matanga, pale pale Old Kampala, katika chumba cha juu ambacho marehemu aliishi tangu mimi sijaota meno. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani, nami nilikuwa nagawa chai, kwa sababu kila penye watu wengi mimi hutafuta birika la kujificha nyuma yake. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe, mtu wa manukato mengi na habari nyingi, akaanza kumsifu marehemu: alikuwa mshenga hodari, ulimi wa asali, nyumba alizounganisha hazihesabiki. Kisha akashusha sauti, ile ya kushushwa ili isikike zaidi, akasema jambo moja tu ndilo lililomharibia jina, nalo ni wale wasichana wa nduguze waliokuwa wakisoma vitabu vya mapenzi vya Kizungu mpaka mmoja akajifunza humo kukataa mume siku ya ndoa. Eti marehemu aliaibishwa mbele za watu na watoto aliowalea, na tangu hapo hakuna aliyemtuma posa tena. Wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma. Msomaji wa vitabu hivyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele yao na birika. Nilimmiminia mwanamke yule chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, ikamgusa leso, nikasema samahani. Kisasi changu huishia hapo. Mimi ni mtu wa ndani. Nikifika Bugolobi tu, mtaa wa mji huu huu, nahisi nimesafiri.

Basi acha nieleze, maana nilikuwepo, na vitabu vile nilivisoma mimi, kwa macho yangu haya na kwa sauti yangu hii. Na nianze kwa kusema kwamba sina nia ya kuvitetea. Sijui mtu mwingine katika Kampala nzima aliyevitukana kuliko mimi. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, kwa matokeo ambayo hayakumliza mtu wala kumpigisha mtu vigelegele. Wenzangu walikwenda kutafuta shule za kuendelea, wengine kazi, wengine waume. Mimi nilikwenda nyumbani nikakaa. Kukaa ndicho kipaji nilichojaliwa. Nilikaa katika chumba hicho hicho cha Shangazi, juu ya duka la vitambaa na vyandarua la Baba Mkubwa, penye cherehani karibu na dirisha, kitanda kirefu kama meza ya bucha, na jiko la mkaa kwenye kibaraza cha nyuma. Kutoka dirishani uliona msikiti mkubwa juu ya kilima, ambao wakati huo ulikuwa haujakamilika, na kila mgeni aliyeingia aliutazama akasema utakamilika mwakani. Shangazi alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kushona, lakini cheo chake kilikuwa ushenga: watu wakitaka kumwoza kijana wao humtuma yeye, akavaa buibui lake la heshima, akaenda kwa watu wa binti, akanywa kahawa yao, akaangalia ukuta wao, akarudi na jibu. Waganda huwa na ssenga wao, dada wa baba, anayesimamia mambo ya binti wa kaka yake. Shangazi alikuwa hivyo kwetu na zaidi, maana alisimamia hata mabinti wa watu.

Watu wawili wengine ndio waliokamilisha chumba kile. Wa kwanza ni Nasra, binti wa Baba Mkubwa, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na mrefu kwangu kwa kichwa. Asubuhi alikwenda kujifunza ushonaji kwa kujipa shughuli tu, kwa sababu alikuwa tayari amepata nafasi ya kusomea ukunga na alikuwa akisubiri muhula ufunguliwe. Nasra hakuwa msemaji. Ukimwuliza kitu alifikiri kwanza, kisha akajibu, na jibu lilikuwa ndilo hilo, huwezi kulizungusha. Wa pili ni Mama Akello, jirani yetu, mke wa askari polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichotaka adabu za sarufi, na mpaka leo mimi huona kwamba mambo mengine hayasemeki vizuri isipokuwa kwa Kiswahili kile.

Mama Akello ndiye aliyevileta vitabu. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga, na karatasi za kufungia alizinunua kwa kilo kutoka kwa watu wa mitumba: magazeti, vitabu vya hesabu, na hivi vya mapenzi, ambavyo alivipenda kwa kuwa karatasi yake ni laini na haitoboki. Siku moja nilinunua karanga, nikafungua kikaratasi, nikasoma kwamba Lodi fulani, bwana mkubwa wa Kiingereza, amesimama ngazini na taa zinamng'aria kifuani, na binti fulani anahisi magoti yanamlegea. Karanga ziliisha kabla sijajua ni kwa nini. Nikaenda nikamwomba Mama Akello asichane vitabu vilivyobaki mpaka nivisome. Akakubali, kwa sharti kwamba nimsomee na yeye. Ndivyo baraza letu lilivyoanza. Kila siku baada ya adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, Mama Akello alipanda ngazi na ungo wake wa karanga za kuchambua, Shangazi akakaa kwenye cherehani, Nasra akakaa sakafuni akipindia nguo, nami nikakaa kitandani kama kadhi, nikisoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti. Vyote vilikuwa vya zamani za Uingereza: makabaila wa farasi na magari ya farasi, mabinti wa glavu ndefu, karamu za kucheza ambazo mama zao waliwapeleka kama wanavyopelekwa ng'ombe mnadani, na hesabu ya mahari iliyofanywa kinyumenyume, mke ndiye anayemlipa mume. Hilo lilimchekesha Mama Akello hadi akamwaga karanga.

Nilidhani Shangazi atatufukuza. Kumbe nilikuwa nimemletea kazi yake mpaka kitini. Alisikiliza kila Lodi kama aliyesikia mtu akibisha hodi na posa. Kabla sijafika ukurasa wa pili aliuliza watu wake ni nani, mama yake yuko wapi, kamtuma nani. Mama wa Lodi kwa kawaida alikuwa amekufa, au yuko hai lakini afadhali angekufa. Mshenga hakuwepo kabisa. Shangazi alishangaa nchi tajiri namna ile ilikosaje mtu wa kutumwa. Kisha aliuliza wanakula nini. Nikasoma tena nikitafuta, nikamwambia ni chai na mikate mikavu, na usiku ndege wadogo. Mama Akello akasema ndiyo maana mabinti wao huzimia. Tulikuwa tukicheka sana, sikatai. Lakini kicheko kile kilikuwa na mahali pake pa kusimama, na mahali hapo palikuwa katikati ya kitabu, kila kitabu, kana kwamba waandishi wote waliagizwa na bosi mmoja. Lodi humkuta binti peke yake, kwenye chumba cha vitabu au bustanini. Humwambia anamtaka. Binti husema hapana. Lodi hucheka. Humshika mkono, humvuta, humbusu kwa nguvu, na mwandishi, mwanamke mzima pengine mwenye mabinti, huandika kwamba mdomo wa binti ulisema hapana lakini macho yake yalisema mengine.

Hapo ndipo Shangazi aliposimamisha cherehani. Nakumbuka mara ya kwanza vizuri. Mguu ulitoka kwenye kanyagio, gurudumu likaendelea kidogo peke yake, kisha kimya. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akauliza binti alisema nini. Nikamjibu alisema hapana. Akauliza kama Lodi ni kiziwi.

"Si kiziwi, Shangazi. Anasema ameyaona macho."

"Macho yana ulimi?" akasema. "Mtu akikuambia hapana, wewe unakwenda kusoma macho, si mchumba huyo, ni mganga wa kupiga ramli."

Mama Akello naye akatoa hukumu yake. "Hii Lodi, angenishika mukono hivyo, mimi ningemupiga na mwiko, halafu bwana yangu angekuja kumufunga."

Tukamtupa nje Lodi yule, tukamtupa na wa pili, na wa tatu mwenye kovu la vitani ambaye mimi, nakiri, nilikuwa nimeanza kumpenda. Hakuna aliyepita. Nilikuwa nikipandwa na hasira kweli kweli, si ya mchezo. Nilitaka kuwajua waandishi wale, niwaulize ni nani aliyewaambia kwamba msichana hana hapana yake mwenyewe, kwamba hapana yake ni mlango tu wa kusukumwa na mwenye mabega. Na hasira yangu ilinifurahisha, maana iliungwa mkono na watu wazima. Nilimtazama Shangazi pale kwenye cherehani nikasema moyoni, mwanamke huyu ana mizani. Nilikuwa na akili za Senior Four. Sikujua kwamba mizani yaweza kupima sawasawa vya watu na ikakataa kupima vya nyumbani.

Kabla hata mvua za vuli hazijaanza, posa ikaja. Ilitoka Bugolobi, kwa watu wenye malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Port Bell, Waislamu wa kuaminika, wenye nyumba na jina. Kijana wao aliitwa Idrisa. Mimi si mtu wa kumsingizia mtu, hivyo nitasema yaliyo yake: alikuwa mtanashati, alisalimia wazee kwa mikono miwili, na alinukia udi. Alikuwa amemwona Nasra dukani akimpimia mteja chandarua. Baada ya hapo alianza kuegesha gari nje ya pale Nasra alipojifunza kushona. Nasra alituambia mwenyewe, mimi na Mama Akello, tukiwa kibarazani tunaanika nguo. Siku ya kwanza Idrisa alimwambia anampenda, Nasra akafikiri kama kawaida yake, akamjibu kwamba yeye hataki, anakwenda kusoma. Idrisa akacheka. Siku ya pili alileta kitambaa cha hariri, Nasra akakirudisha. Siku ya tatu akamwambia rafiki yake aliyekuwa naye garini, mbele ya Nasra, kwamba msichana akikuambia hapana haraka hivyo, jua amekuona zamani. Nasra aliyasimulia haya bila kulia, akiwa amebana kibanio cha nguo mdomoni, na mimi niliyekuwa nimeyasoma maneno yale yale mara nyingi kwa Kiingereza niliacha kuanika. Mama Akello aliuliza swali moja tu, kama baba yake anajua. Nasra akasema amemwambia mama yake, na mama yake amesema wanaume wote huanza hivyo.

Wageni wa Bugolobi walipokuja, safari hii Shangazi alikuwa upande wa kupokea, na sijapata kumwona amependeza vile. Tulikaanga sambusa tangu asubuhi. Mimi na Nasra tulikaa nyuma ya pazia na sinia mapajani, tukasikia yote: malori mangapi, nyumba iko wapi, kijana anaswali, kijana havuti. Mama yake Idrisa alisema mwanawe hali vizuri tangu amwone binti huyu, na watu wakacheka kwa upole. Baba Mkubwa akasema maneno mazuri, kwamba mtoto ni wao sasa, ila lazima aulizwe. Wote wakasema naam, lazima aulizwe. Nasra akanitazama. Tukangoja aje mtu kuuliza. Siku hiyo hakuja, wala kesho yake, wala hiyo nyingine, na wiki iliyofuata Baba Mkubwa alikuwa anatafuta hema la kukodi.

Nasra alikwenda kwa Shangazi jikoni akamwambia hataki. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akasema sawa mwanangu, mwali lazima aogope. Ndipo mimi nikaenda, mimi nisiyethubutu kumwambia hata muuza maziwa kwamba maziwa yametiwa maji. Nilimkuta kwenye cherehani, anashona nguo ya harusi. Nikamwambia Idrisa amefanya yale yale ya Lodi wa kovu, na Lodi wa kovu tulimtupa nje kwa kauli yake yeye mwenyewe.

Hakusimamisha cherehani. "Yule wa kitabuni ana mama?"

"Mama yake amekufa, Shangazi."

"Huyu mama yake yuko hai, na kahawa yake nimekunywa." Akavuta uzi kwa meno. "Kitabuni unamtupa mtu, unafunga kitabu, unalala. Hapa ukimtupa mtu kuna nyumba mbili hazitasalimiana mpaka tufe. Usinichanganyie mambo, Rukia. Mambo ya vitabu ni ya alasiri."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii na bado yananiwasha. Siyo kwamba hakuwa na akili, na hilo ndilo lililonikera. Aliuona uovu waziwazi ulipovaa koti la kupandia farasi, na ulipovaa kanzu akaupikia sambusa. Na wakwe zetu hawa wa matanga wanataka niamini kwamba sisi ndio tuliokosa adabu.

Sasa niseme juu ya desturi, maana bila hiyo hutaelewa siku ile. Kwetu, kabla ya kufunga ndoa, shehe hutuma mashahidi wawili mpaka mlango wa chumba cha bibi harusi, waulize kama ameridhia. Binti hasemi ndiyo. Ndiyo ni utovu wa haya. Watasema alikuwa ameketi mlangoni akingoja. Hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Akilia pia amekubali, maana analilia nyumba ya mama yake. Na nyumbani kwetu hata kimya hicho mashahidi hawakukisikiliza wenyewe. Shangazi ndiye aliyekaa kitandani kando ya mwali, mkono gotini pake, na swali likishaulizwa yeye ndiye aliyeita kupitia pazia, "Amenyamaza," na nje vigelegele vikapasuka. Alikuwa ameita hivyo kwa mabinti wengi kiasi kwamba neno lilimtoka kama chafya. Kwa majuma mawili alimfundisha Nasra kunyamaza: ainamishe kichwa hivi, ashike leso hivi. Mimi nilikaa pembeni nikifikiri. Kule Uingereza msichana akisema hapana amesema ndiyo. Huku akinyamaza amesema ndiyo, na akilia amesema ndiyo. Sasa yule ambaye kweli hataki ateremshiwe lugha gani kutoka mbinguni? Nilitamani kuvichoma vitabu vyote, kisha nikaona hata nikivichoma, mlango ule ungebaki pale pale na pazia lake.

Siku yenyewe wanaume walikaa chini uani, chini ya hema, na shehe mbele yao. Sufuria za pilau zilikuwa nyuma, mvuke wake ukipanda mpaka dirishani kwetu. Chumbani tulikuwa wanne. Shangazi alikuwa amekaa kitandani kando ya Nasra, Nasra amefunikwa, mimi nilikuwa nimeegemea cherehani, na Mama Akello alikuwa amepiga magoti anashona ukingo wa gauni uliokuwa umeachia, sindano mdomoni. Mashahidi wakapanda. Mmoja alikuwa rafiki ya Baba Mkubwa, mwenye duka la vyombo. Wa pili simjui. Yule wa vyombo akauliza kupitia pazia, kwa sauti nzuri ya kusoma, kama Nasra binti fulani ameridhia kuozwa na baba yake kwa Idrisa mwana wa fulani, kwa mahari waliyopatana.

Nasra akafikiri, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Sijaridhia."

Hakupiga kelele. Alisema kama anavyosema bei ya chandarua. Na papo hapo, juu ya sauti ile, Shangazi akaita, "Amenyamaza!"

Sidhani alikusudia. Mdomo wake ulikuwa umeshaondoka, masikio yakabaki nyuma. Huko nje mwanamke mmoja akaanza kigelegele. Shangazi mwenyewe aligeuka akamtazama Nasra kwa mshangao, kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Mimi nilifungua kinywa. Ningependa kuandika kwamba nilisema kitu. Ni Mama Akello aliyetoa sindano mdomoni.

"Hapana, Mwanaidi. Hii mutoto hajanyamaza. Amesema. Mimi nimesikia, na hawa wazee kwa mulango pia wamesikia."

Kigelegele kikakatika. Nyuma ya pazia kukawa na mnong'ono, kisha mwenye duka la vyombo akacheka, kicheko cha upole kabisa, cha mtu anayesaidia. Akasema hizo ni haya za mwali, Bi Mwanaidi, zisikutie wasiwasi. Wasichana wote husema hivyo mdomoni, moyoni wameridhia.

Shangazi akasimama. Nilidhani anakwenda kumwitikia. Alivuta mlango ukafunga, pazia likabaki nje na wale wazee, akaegemeza mgongo wake mlangoni. Alikuwa amekasirika, wala tusidanganyane. Uso wake ulikuwa umejaa kama mawingu ya ziwani.

"Umeniua, Nasra," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Shangazi. Jikoni. Na Rukia alikuambia."

"Mliniambia nikiwa na kazi."

Chini uani mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, anahesabu moja, mbili. Shangazi akamsogelea Nasra, akamfunua uso. Akamwuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayeuliza kwa kuwa hajui, kama hataki leo au hataki kabisa. Nasra akasema hataki kabisa. Anataka kwenda kusoma, na hata kama hakungekuwa na kusoma, asingemtaka mtu aliyemcheka. Shangazi akaketi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na huko kwa makabaila wako, msichana akikataa, akakataa kweli, hufanywaje? Nani hutoka kwenda kuwaambia watu?"

Nilivipitia vyote kichwani, kimoja kimoja, bustani zote na ngazi zote. Nilitamani sana nimpe jibu. "Hakuna, Shangazi. Wote mwishoni hukubali."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akafyonza fyonzo refu sana, la kuwatosha waandishi wote na wachapishaji wao. "Vitabu vya kipumbavu," akasema. Akatafuta viatu vyake uvunguni, akavaa kimoja, akakaa kidogo na cha pili mkononi kama aliyesahau kazi yake, kisha akakivaa na hicho. Akajitanda buibui lile la heshima, ambalo watu walikuwa wamezoea kuliona likileta heri tu. Mama Akello akamwuliza kama amusindikize. Akasema hapana, huko anakwenda peke yake.

Tulisogea dirishani. Tulimwona akitokea uani, mwanamke mmoja mweusi kwa nguo katikati ya kanzu zote zile, na wanaume wakimfungulia njia kwa tabasamu, wakidhani ameleta idhini. Alikipita kipaza sauti akaenda kusimama mbele ya shehe na Baba Mkubwa na baba yake Idrisa. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, lakini ua mzima ulikuwa umenyamaza, tukasikia kila neno.

"Nimemwuliza mtoto wetu mwenyewe, naye amenijibu kwa mdomo wake. Amekataa. Wa kulaumiwa ni mimi, maana kabla ya leo sikumwuliza."

Baba Mkubwa alisema kitu, akiwa ameinuka nusu. Shangazi hakumtazama. Shehe akauliza kama kuna mwingine aliyemsikia binti, na wale mashahidi wawili, waliokuwa wameshuka nyuma yake, wakaangalia viatu vyao, kisha mwenye duka la vyombo akakubali kwamba ndiyo, walimsikia. Shehe akasema basi, hapa hakuna ndoa ya kufunga. Mama yake Idrisa akaanza kulia upande wa wanawake. Idrisa mwenyewe nilimwona akitazama juu, dirishani, akitafuta macho ya Nasra. Na Nasra akayaacha yatazamwe, hayakusema lolote.

Shangazi alikuwa bado amesimama pale. Watu walikuwa wanainuka, viti vinagonga, hakuna aliyejua mtu huondokaje kwenye harusi ambayo haikuwa. Akawatazama, akapunga mkono kuelekea kwenye sufuria.

"Chakula kimeiva," alisema. "Kaeni mle."

Wakakaa, wakala. Nilikuwa dirishani, niliwaona kwa macho yangu: pilau yote, nyama yote, mpaka ukoko. Kisha wakanawa mikono, wakapanda magari yao, wakaanza kumsema Shangazi kabla hawajafika barabara kubwa.